Jino Lililovunjika na Kijiti Kinachotiwa Ndani Yake

Asubuhi moja mama mmoja alikuja kwetu hospitalini, amefunika kinywa kwa kitambaa. Alipokitoa tuliona kwamba jino lake la mbele, la juu, limevunjika. Alikuwa akila muwa. Hakusikia maumivu hata kidogo, alisikia mlio tu, na kipande cha jino kikatoka pamoja na makapi ya muwa. Akatuambia, "Munganga, nimesikia kwamba mjini wanatia kijiti ndani ya jino, na jino lile linakuwa na nguvu kupita meno mengine yote. Niandikieni barua niende nikatiwe kijiti."

Tulitazama kinywa chake kwa taa na kwa kioo kidogo. Mzizi wa jino ulikuwa mzima. Lakini juu ya ufizi hakikubaki kitu. Jino lilikuwa limekatika sawasawa na nyama ya ufizi, kama mti uliokatwa usawa wa udongo. Ndipo tulipaswa kumwambia jambo ambalo halikumpendeza: "Mama, kijiti kipo, nacho ni kizuri. Lakini kijiti hakilitii jino nguvu. Kijiti kinashika tu kile kinachojengwa juu. Nguvu inatoka katika jino lenyewe, yaani kile kilichobaki. Na kwako kimebaki kidogo mno."

Wewe unayesoma kitabu hiki, huenda una jino la namna hii kinywani mwako sasa. Huenda liliuma zamani, ukaenda mjini, wakatoa mshipa wake, nawe ukarudi nyumbani ukishukuru kwa sababu haliumi tena. Basi soma maneno haya kwa uangalifu, maana jino lako lingali na hatari ambayo haikuambii habari zake.

Kwanza ujue jino limejengwa namna gani. Nje, mahali unapopaona ukicheka, kuna gamba jeupe, gumu sana kuliko mfupa wo wote wa mwili. Chini ya gamba hilo kuna mfupa wa jino, wenye rangi ya manjano kidogo. Huo si mgumu kama gamba, lakini unaweza kupinda kidogo sana bila kuvunjika, nao ndio unaobeba mzigo. Katikati kabisa kuna shimo jembamba lenye nyama laini, damu na mshipa wa maumivu. Shimo hilo linashuka ndani ya mzizi mpaka ncha yake. Uozo ukifika katika nyama hiyo, jino linauma usiku, shavu linavimba, nawe hulali.

Zamani dawa ilikuwa moja tu: kung'oa. Katika hospitali nyingi za vijijini hata leo ndiyo dawa inayopatikana. Lakini munganga wa meno mwenye vyombo anaweza kufungua jino kwa juu, kuitoa nyama ile iliyooza, kusafisha shimo mpaka karibu na ncha ya mzizi, na kulijaza kwa dawa ngumu iliyo kama mpira. Jino linabaki kinywani. Mzizi wake unashikwa bado na taya, kwa sababu mzizi unapata uhai wake kutoka nje, katika mfupa wa taya, si kutoka kwa mshipa wa ndani tu. Ndiyo maana jino lisilo na mshipa laweza kutafuna miaka mingi.

Watu wengi husema, "Jino lililotolewa mshipa limekuwa kavu kama kuni, kwa hiyo linavunjika." Hata waganga walifundishwa hivyo kwa muda mrefu. Lakini walipopima waliona kwamba ukavu si sababu kubwa. Mwaka 1989 waganga watatu wa Marekani, Reeh, Messer na Douglas, walipima ugumu wa meno kabla ya kuyatoboa na baada ya kuyatoboa. Kazi ya kutoa mshipa peke yake, yaani tundu dogo lililofunguliwa juu katikati ya jino, ilipunguza ugumu wa jino kwa sehemu 5 tu katika 100. Lakini jino lililochimbwa toka upande huu mpaka upande huu, hata kuta zake mbili za pembeni zikakatwa, lilipoteza sehemu 63 katika 100.

Fikiri juu ya hesabu hiyo. Kilicholidhoofisha jino si kutolewa mshipa. Ni kupotewa na kuta. Uozo ulikula ukuta wa kwanza, kisha munganga akaondoa mfupa uliooza ili asiache uchafu, kisha ukuta mwembamba uliobaki ukapasuka. Nyumba ya udongo ikibomolewa dirisha moja inasimama bado. Ikibomolewa kuta mbili zinazoelekeana, upepo wa kwanza utaiangusha.

Tena kuna jambo la pili. Jino lenye mshipa linapiga kelele. Ukila kitu cha baridi linakuambia, "Hapa pana tundu." Jino lisilo na mshipa ni kama nyumba isiyo na mbwa. Uozo mpya unaingia chini ya dawa iliyojaziwa, unakula polepole mwaka mmoja, miaka miwili, nawe hujui neno mpaka siku ya muwa. Hivyo ndivyo ilivyompata mama yule. Mjini walikuwa wamemtilia dawa ya muda tu juu ya jino, wakamwambia arudi baada ya wiki chache ili walifunge vizuri. Hakurudi. Nauli ilikuwa shida, shamba lilikuwa linangoja, na jino halikuuma. Sisi hatumcheki. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Lakini dawa ya muda haikuwekwa ili ikae miaka. Mate yaliingia pembeni yake, na uozo ukafuata mate.

Sasa tuje kwenye kijiti chenyewe.

Chukua kisu cha jikoni, au lile jembe la zamani ambalo chuma chake kina mkia uliochongoka, unaoingizwa ndani ya mti. Unaona sehemu tatu: kuna mpini wa mti, kuna mkia wa chuma uliofichwa ndani ya mpini, na juu kuna ubao wa kisu unaofanya kazi. Jino lililotiwa kijiti ni namna hiyo hiyo. Mzizi ndio mpini. Kijiti ndicho mkia ulioingia ndani. Na kile kinachojengwa juu ili kiwe jino tena ndicho ubao wa kisu.

Je, mkia wa kisu unautia mpini nguvu? Hapana. Mpini ulikuwa na nguvu zaidi kabla hujatobolewa. Mkia ni wa kukishika kisu kisitoke. Na kama unakikandamiza kisu kwa nguvu kwa upande, ni mkia huo huo unaopasua mpini kwa ndani. Kila fundi wa visu anajua hayo, kwa hiyo anafunga pete ya chuma mdomoni mwa mpini. Pete inaukumbatia mti, mti haupasuki. Ukishika neno hili la pete, umeshika karibu yote tunayotaka kukueleza.

Kazi ya kutia kijiti katika mzizi si mpya. Mwaka 1728 munganga Mfaransa, jina lake Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi ya meno, na ndani yake aliandika habari za kutia vijiti vya madini katika mizizi ili vishike meno ya bandia. Baada yake waganga wengine walitumia vijiti vya mti. Walikuwa na sababu: mti ukilowa mate unavimba, na ukivimba unakaza. Wewe mwenyewe unafanya hivyo shambani. Mpini wa shoka ukilegea, unauloweka katika maji usiku kucha, na asubuhi umekaza. Lakini shoka ni chuma, halipasuki. Mzizi wa jino si chuma. Mti ulivimba ndani yake na mizizi mingi ikapasuka kutoka juu hadi chini.

Basi wakarudi kwa madini. Kwa miaka mingi sana vijiti vilikuwa vya dhahabu, vya chuma kisichoshika kutu, na baadaye vya titani. Chuma hakivimbi, wala hakivunjiki upesi, na watu wengi wametafuna kwa vijiti vya madini mpaka uzee wao. Hatusemi vibaya juu yao. Kama umetiwa kijiti cha madini na jino limetulia, usimwombe mtu akitoe, maana kukitoa kwaweza kuuvunja mzizi.

Lakini chuma kina shida yake. Ni kigumu mno kuliko jino. Chuma cha pua kina ugumu wa kutopinda kama mara 10 kuliko mfupa wa jino. Jaribu jambo hili: chukua bua bichi la mahindi, upigilie ndani yake msumari mrefu kutoka juu, kisha ulikunje bua hilo. Sehemu yenye msumari haitapinda. Bua litapasuka pale ambapo ncha ya msumari imekoma, au litachanika kwa urefu. Sasa chukua bua lingine uingize ufito mwembamba wa mwanzi, ukunje tena. Ufito na bua vinapinda pamoja, mzigo unaenea mahali pote, na hakuna mahali pamoja panapobeba yote.

Kwa ajili ya hiyo waganga walitafuta kijiti kinachopinda kama jino linavyopinda. Mwaka 1990 huko Ufaransa, Duret na wenzake waliandika habari za kijiti kilichofanywa kwa nyuzi nyembamba za kaboni, zilizolazwa pamoja kama nyuzi za kamba na kushikwa na gundi ngumu. Kijiti hicho kilikuwa cheusi kama makala, na katika jino la mbele weusi wake ulionekana. Baadaye wakafanya vijiti vya nyuzi za kioo, ambavyo ni vyeupe au vinapitisha mwanga. Hivyo ndivyo vinavyotumika sana siku hizi. Usishangae kusikia kwamba kioo chapinda. Kioo cha dirisha kinavunjika, lakini kikivutwa kuwa uzi mwembamba kinapinda kama unywele.

Ugumu wa kijiti cha nyuzi si sawa kabisa na ule wa mfupa wa jino. Vingine ni vigumu kidogo, vingine hata mara mbili. Lakini hakuna aliye mbali kama chuma. Tena kijiti hiki hakikazwi kwa nguvu. Kinabandikwa kwa gundi ndani ya mzizi, na gundi ile inakifanya kushikamana na kuta.

Huenda unauliza, "Waganga wanajuaje nguvu ya jino bila kumvunja mtu meno?" Wanatumia meno yaliyokwisha kung'olewa kwa sababu nyingine. Wanayatoa mshipa, wanatia vijiti, wanajenga juu, kisha wanasimamisha kila jino katika kipande cha gundi ngumu kana kwamba limesimama katika taya. Halafu mashine yenye ncha inalisukuma, kwa meno ya mbele inasukuma kwa mshazari kama vile jino la chini linavyosukuma la juu, na nguvu inaongezwa kidogo kidogo mpaka jino linavunjika. Wanaandika hesabu ya nguvu. Lakini hawaachi hapo, wanaangalia pia limevunjika namna gani. Na hapo ndipo penye faida kwako.

Mara nyingi jino lenye kijiti cha chuma linabeba mzigo mkubwa, hata kuliko lenye kijiti cha nyuzi. Ungeweza kusema basi chuma ndicho bora. Lakini ngoja uone lilivyovunjika. La chuma linapovunjika, mara nyingi ni mzizi wenyewe unaopasuka, chini ndani ya taya. Mzizi uliopasuka hautengenezwi. Unang'olewa. La nyuzi linaposhindwa, mara nyingi gundi inaachia, au kijiti kinakatika, au kile kilichojengwa juu kinavunjika, nao mzizi unabaki mzima. Unaweza kurudi kwa munganga na jengo lako mkononi, akasafisha na kujenga tena. Shoka likitoka katika mpini si hasara kubwa, lakini mpini ukipasuka unahitaji kwenda msituni kutafuta mwingine, na kwa jino hakuna msitu.

Usidhani kwamba vipimo hivi ni neno la mwisho. Mashine inasukuma mara moja kwa nguvu kubwa, bali wewe unatafuna mara nyingi kila siku kwa nguvu ndogo, kwa moto na kwa baridi, ndani ya mate. Kwa watu walio hai, kuna vijiti vya madini vilivyodumu na vijiti vya nyuzi vilivyotoka upesi. Shida kubwa ya kijiti cha nyuzi ni hiyo ya kutoka, hasa kama gundi ilitiwa mahali penye mate au damu. Gundi haitaki unyevu. Ndiyo maana munganga mzuri anafunika meno kwa kitambaa chembamba cha mpira kabla ya kazi, na anawasha taa yenye mwanga wa buluu ili gundi ikauke. Ukiona anachelewa katika kukausha, usikasirike, mwache achelewe.

Sasa turudi kwa ile pete. Katika vipimo hivi vyote, jambo moja limeonekana kuwa na nguvu kupita aina ya kijiti. Ni kipimo cha jino zima lililobaki juu ya ufizi, likizunguka pande zote. Waganga wanataka ukuta uliosimama angalau milimita 1 na nusu, na afadhali milimita 2. Ni kidogo sana, ni kama unene wa sarafu moja. Lakini kama ukuta huo upo pande zote, munganga anaweza kutengeneza kofia ya jino ambayo mdomo wake unashuka na kuukumbatia, sawasawa na pete ya chuma inavyokumbatia mpini. Hapo ukiuma kwa nguvu, mzigo unashikwa na pete, nao mzizi haupanuliwi kwa ndani.

Kama ukuta haupo, kofia inakalia kijiti peke yake. Kila ukiuma, kijiti kinasukumwa huku na huku ndani ya mzizi. Ukitia cha chuma, siku moja mzizi unapasuka. Ukitia cha nyuzi, siku moja kinatoka. Unaweza kubadili kijiti mara tatu, nawe hutapata kile ambacho milimita 2 za jino lako mwenyewe zingekupa bure.

Kwa hiyo munganga mwenye akili hana haraka ya kutia kijiti. Anauliza kwanza, "Je, kile nitakachojenga juu kinaweza kushikwa bila kijiti?" Kama jino la mbele lina tundu dogo tu nyuma na kuta zake zote zipo, analiziba, basi, kazi imekwisha. Kama ni gego, lile jino kubwa la nyuma, ndani yake kuna chumba kipana kinachoweza kushika jengo, na mara nyingi kijiti hakihitajiwi. Maana ili kutia kijiti ni lazima kupanua shimo la mzizi, na kila unachokikwangua ni ukuta unaouondoa. Mzizi uliokwanguliwa sana ni kama chungu kilichokunwa mpaka kikawa chembamba. Tena hawezi kushuka na kijiti mpaka mwisho, maana lazima aache dawa ile ya mpira kama milimita 4 au 5 katika ncha ya mzizi, ili vijidudu visipite kuingia katika taya.

Lakini magego na yale meno mawili yaliyo mbele yao yanahitaji kitu kingine: kufunikwa. Mtu mwenye nguvu akiuma kwa magego anaweza kukandamiza kwa nguvu iliyo kama uzito wa mfuko wa simenti wa kilo 50, na hata zaidi. Jino lenye shimo katikati linapokandamizwa hivyo, kuta zake zinasukumwa kwenda nje, kama kuni inayopigwa kabari. Mwaka 1984 waganga wawili wa Marekani, Sorensen na Martinoff, walitazama habari za meno 1273 yaliyotolewa mshipa. Waliona kwamba kutia kijiti hakukuyasaidia kudumu. Lakini kuyavika kofia kulisaidia sana meno ya nyuma. Mwaka 2002 Aquilino na Caplan nao waliona kwamba meno yaliyotolewa mshipa na kuachwa bila kofia yalipotea mara 6 kuliko yale yaliyovikwa.

Tunajua utasema, "Kofia ni ghali." Ni kweli, ni ghali, na katika miji mingi ni ghali kuliko kazi ya kutoa mshipa. Lakini kuna njia ya kati. Kama hakuna fedha za kofia, mwambie munganga alipunguze gego lako kwa juu na kulifunika lote kwa dawa ngumu, asilizibe katikati tu. Si sawa na kofia nzuri, ila kuta zinashikwa pamoja. Jambo baya kuliko yote ni lile ambalo watu wengi wanafanya: kulipa fedha nyingi za kutoa mshipa, kisha kuacha jino wazi au na dawa ya muda. Papa mmoja alituambia, "Nitamaliza mwaka ujao nikiuza kahawa." Mwaka uliofuata alikuja na nusu mbili za gego, moja inacheza mbele, nyingine nyuma, na mpasuko umeshuka hata kwenye mzizi. Fedha za kwanza zilipotea zote, na tukaling'oa.

Watoto nao wana habari yao. Mtoto wa miaka 8 au 9 akianguka akavunja jino jipya la mbele, mzizi wake haujamaliza kukua. Kuta zake ni nyembamba na ncha yake iko wazi. Usikubali mtu alichimbe kwa kijiti. Mlete upesi, siku ile ile kama inawezekana, maana mara nyingi mshipa wa mtoto unaweza kuokolewa, na mshipa ukiwa hai mzizi utaendelea kunenepa.

Kama jino lako limetiwa kijiti tayari, kuna dalili ambazo usizidharau. Jengo likianza kucheza kidogo chini ya ulimi, usingoje lianguke. Gundi imeachia upande mmoja, na mate yanaingia. Ukija sasa, mzizi ni mzima. Ukija baada ya miezi sita, utakuwa umeoza ndani. Ukisikia harufu mbaya au ladha chungu mahali pale tu, ni vivyo hivyo. Lakini kama ufizi unatoa kijipu kidogo chenye usaha ambacho kinapasuka na kurudi, au kama ukiuma kitu kigumu unasikia maumivu makali mahali pamoja, huenda mzizi umepasuka. Kunywa dawa za vijidudu kutaondoa usaha kwa siku chache, utarudi tena. Dawa haiungi mpasuko. Wengine wananunua vidonge sokoni miezi na miezi kwa ajili ya mzizi uliopasuka, na wakati huo mfupa wa taya unaliwa.

Na meno hayakufanywa kuwa koleo. Kufungua chupa, kukata waya, kuvunja mbegu za ngazi: hata jino zima linaweza kupasuka kwa kazi hizo, sembuse lenye kijiti. Mfupa ukutane na kisu kwanza. Muwa umenye kwa panga na kuukata vipande vidogo, utafune kwa upande mwingine. Mswaki, au mti wa kupigia mswaki, ufike mahali kofia inapokutana na ufizi, maana uozo unaanzia hapo.

Mama yule tuliyeanza naye hakupata kijiti. Kuna kazi mbili ambazo munganga wa mjini angeweza kujaribu kwa jino lililokatika usawa wa ufizi. Moja ni kukata ufizi na mfupa kidogo ili mzizi uonekane. Nyingine ni kuuvuta mzizi utoke taratibu kwa waya, wiki kwa wiki, mpaka zile milimita 2 zitokee. Zote zinahitaji mzizi mrefu, fedha, na safari nyingi. Mzizi wake ulikuwa mfupi, naye alikuwa na watoto wanne nyumbani. Alichagua kung'oa na kuvaa jino la bandia linalotoka na kuingia. Linampendeza, anaimba nalo kanisani, ila muwa hauli tena kwa mbele.

Alipokuwa akiondoka aliuliza, "Kile kipande kilichovunjika, kingefaa neno?" Alikuwa amekitupa pamoja na makapi. Tulimwambia kwamba wakati mwingine kinafaa. Jino la mbele likivunjika na kipande kikapatikana kizima, munganga mwenye gundi nzuri anaweza kukibandika tena mahali pake. Kwa hiyo ukivunja jino, kitafute kipande chini. Kioshe kwa maji safi bila kukisugua, ukitie katika kikombe chenye maziwa au maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kisikauke, na uje nacho.